Cha Kwanza Hakipo

Viko vitano. Vilikuwa sita.
Visa vya Nankafu, mpelelezi asiyetumwa na serikali,
nimevipanga kwenye butiki yangu ya Nyamugo
kati ya sabuni ya kipande na mafungu ya chumvi.
Usiku mmoja, faranga mia tano.
Ukikirudisha na mafuta ya sambaza, mia saba.

Kila mgeni huuliza lile lile: nianzie wapi?
Nami sijafungua kinywa, benchi limekwisha jibu.

Bisimwa wa pikipiki, kofia bado kichwani,
asema anza na cha tatu. Maiti unaipata mapema,
ukurasa wa nne, ndani ya gunia la kahawa,
na mwanamke hatetemeki!
Anainusa kahawa kwanza, anasema:
hii si ya Kabare, hii imevuka ziwa.
Bisimwa hupenda mtu anayejua njia.

M'Kahasha, muuguzi wa zamu ya usiku, hataki kusikia.
Sumu ya cha tatu haiui hivyo, asema,
mtu hakati roho huku akitunga sentensi.
Anza na cha pili. Humo Nankafu anakosea,
anamtia aibu fundi cherehani asiye na hatia,
anarudi kuomba radhi, mvua inamnyea,
na mlango haufunguliwi.
"Asiyewahi kukosea simwamini,
kitabuni wala wodini."

Mwalimu Cirhuza, miaka thelathini ya Kilatini,
asema vyote ni takataka.
Amevisoma mara mbili ili kuhakikisha.

Na Mama Ntakwinja, beseni la samaki mapajani,
huanza na cha sita, ukurasa wa mwisho kabisa.
"Nione kama anaishi.
Nikijua anaishi, mengine nitayasoma na kulala.
Mji huu umenifundisha
nisimpende mtu kabla sijaujua mwisho wake."
Hapo benchi hunyamaza kidogo.

Na cha kwanza? Wote wanakisifu.
Hakuna aliyekisoma.
Nimewaambia kiliondoka na udongo,
mwaka ule mlima ulipoteremka na nyumba za watu.
Wanainamisha vichwa. Nani atamdai udongo?

Halafu akaja Ansima, darasa la sita,
soksi moja nyeupe, moja ya kijani.
Hakuuliza aanzie wapi. Alichukua cha tano,
kwa kuwa ndicho chembamba na mshumaa ulikuwa mfupi.
Asubuhi alinikuta nafungua kufuli.

"Mama, kuna mtu ameandika pembeni kwa penseli.
Ukurasa wa kumi na tisa: Si yeye.
Wa arobaini: Si yeye.
Wa sitini na mbili: Labda yeye."

Nikasema wasomaji hawana adabu siku hizi.
Hakucheka. Alivuta daftari langu la madeni,
akaliweka ubavuni mwa kitabu.
"Hii y ina mkia wa ndoano.
Na hizi mbili, kwenye nyanya za Bisimwa."

Basi nikakiri. Watu wakibishana, kesho hurudi,
na anayerudi kubishana hununua sabuni.

"Na cha kwanza?"
Hakuutazama uso wangu. Aliitazama ndoo
ninayoikalia, yenye mfuniko.
"Chenji iko rafu ya juu, mama,
na kila mara unamtuma mteja aifikie mwenyewe."

Mtoto wa watu. Ningemwambia nini?
Kwamba katika cha kwanza Nankafu bado ana mume,
na hadi ukurasa wa thelathini anamchemshia chai?
Kwamba wangu aliupigia mstari mmoja wino mwekundu,
ule wa chai iliyozidi tangawizi,
akanisomea kwa sauti, akacheka,
akaenda Shabunda kununua mbao?
Hicho sikikodishi.

Sikusema lolote kati ya hayo.
Ansima alihesabu faranga mia tano,
noti zimekunjwa kama barua,
akaziweka juu ya daftari.
"Sikichukui," alisema. "Nitakisomea hapa hapa."

Nilikaa muda wa chai kuchemka.
Kisha nikasimama.